Mwasumini Hautaki Huruma

Agosti mwaka juzi jirani yangu mmoja, mama mtu mzima wa umri wa kunizaa, aliniita uani kwake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ingia unitazamie mti wangu huu. Umeninunia. Maji nautilia asubuhi na jioni, samadi ya mbuzi kila mwezi, na mwaka wa pili huu sijaona hata tumba moja."

Mwasumini wenyewe ulikuwa umesimama pembeni, kati ya ukuta wa mawe na chokaa na mwembe wa nyumba ya pili. Ulikuwa umenizidi kimo. Majani yake yalikuwa mapana, ya kijani kilichokolea, yaking'aa kama yaliyopakwa mafuta, na matawi marefu membamba yalikuwa yamepanda mpaka juu ya bati yakilitafuta jua. Mpita njia angesema ni mti wenye siha. Nilishika kitawi kimoja nikakifuata kwa vidole hadi nchani. Sikukuta kitu ila jozi ya majani machanga, na juu yake jozi nyingine.

Nikamwambia dawa yake ni kuukata, tena ushuke mpaka usawa wa goti. Mama akajiziba mdomo kwa ncha ya kanga.

Kisa kama hiki hunifika mara nyingi, na karibu kila mara mwenye mti ni mtu anayeupenda. Ninavyoona mimi, miasumini mingi ya pwani yetu haikuharibika kwa kutelekezwa. Imegeuka vichaka vya majani kwa sababu wenyewe wanaionea huruma: wanaipa kivuli isiungue, maji isione kiu, samadi isione njaa, na mkasi hawausogezi karibu. Yote manne ni mapenzi, na yote manne yanauzuia mwasumini kutoa ua.

Anayetaka kuuelewa mwasumini aanze kutazama ua linatokea wapi. Asumini haitoki kwenye tawi la mwaka jana. Inatoka kwenye ncha ya chipukizi jipya. Tawi lililokatwa huchipua pembeni, chipukizi hurefuka, huzaa jozi tatu au nne za majani, halafu husimama. Pale liliposimama ndipo matumba yanapotokea, mara nyingi matatu pamoja, la katikati likiwa limewatangulia wenzake wa kando. Hilo la katikati hufunguka kwanza, jioni jua likizama. Ya pembeni hufuata. Ua moja huishi usiku mmoja na mchana unaofuata, kisha weupe wake huingia wekundu wa zambarau, likaanguka. Kwa hiyo hesabu ya maua ni hesabu ya ncha mpya. Mti wenye matawi kumi marefu una ncha kumi. Yakate yote kumi, kila moja litoe machipukizi mawili au matatu, ndipo utakapoona tofauti.

Mti hauchipui pembeni bila sababu. Ncha ya kila tawi hutengeneza homoni, iitwayo oksini, ambayo hushuka ikivizuia vijicho vya chini visiamke. Ncha ikiondoka, kizuizi kimeondoka, na vile vijicho vilivyolala kwenye makwapa ya majani huamka kwa pamoja. Tawi likiachwa bila kuguswa litarefuka tu, litaegemea ukuta, litapanda bati. Mwasumini ni kichaka chenye tabia ya kutambaa. Ukiupa nafasi ya kutafuta jua badala ya kuchanua, utatafuta jua.

Wakulima wa kusini mwa India, wanaoishi kwa kuuza asumini, wanalijua jambo hili kwa hesabu ya mfukoni. Katika jimbo la Tamil Nadu, miasumini hukatwa kila mwaka mwishoni mwa Novemba, shamba zima, ikabaki visiki vya urefu wa nusu mita hivi. Kabla ya kukata hupunguza maji. Mtu asiyejua akipita wiki hiyo atadhani shamba limevamiwa na mbuzi. Joto linapopanda kuanzia Machi, shamba hilo hilo huwa jeupe. Asumini ya Madurai, mji wa jimbo hilo, ilipata mwaka 2013 ulinzi wa kisheria wa jina lake kwa asili ya mahali inapotoka, kama yalivyolindwa majina ya vyakula na vitambaa maarufu vya dunia. Nyuma ya jina hilo lote kuna mkasi.

Hatuna haja ya kuichukua Novemba yao kama ilivyo. Pwani yetu joto huja na kaskazi, na mwasumini hupenda kuchanua kwenye joto. Kwa hiyo mimi hukata mwishoni mwa Agosti, kipupwe kinapoaga, ili machipukizi yapate mvua za vuli yakiwa machanga na yafike Novemba yakiwa na nguvu. Mkato mkubwa ni huo mmoja kwa mwaka. Baada ya hapo, kila mkupuo wa maua unapokwisha, napunguza ncha kidogo, jozi mbili za majani tu, na mkupuo mwingine huja. Kwangu Tanga huchukua wiki sita hadi nane toka mkasi mpaka tumba la kwanza. Mkasi uwe mkali, usafishwe kwa spiriti, na mkato upite juu kidogo ya jozi ya majani inayotazama nje. Matawi makavu, yanayosuguana na yaliyoingia ndani ya kichaka, yaondoke yote.

Nimejiuliza mara nyingi mbona bibi zetu hawakuwa na mikasi ya bustani na miasumini yao ilichanua. Jibu naliona kwenye mikono yao. Bibi yangu alikuwa akichuma asumini kila siku baada ya alasiri, matumba yakiwa yamevimba lakini bado hayajafunguka, na hakuchuma tumba peke yake. Alikata pamoja na kijiti chake, urefu wa kidole, akavitia kwenye kawa. Vingine vilitungwa koja, vingine vilikwenda kwenye kikuba pamoja na rehani na mkadi, na kukiwa na harusi vingine vilitapakazwa kitandani kwa bi harusi. Mti uliokuwa ukichumwa hivyo, ncha baada ya ncha, miezi kumi na miwili, ulikuwa unapogolewa kila jioni bila mtu kutaja neno kupogoa. Leo nyumba nyingi zina mwasumini na hazina mchumaji. Manukato yananunuliwa dukani kwenye chupa, na mti umebaki pambo la kutazamwa. Mkasi wa Agosti ni wa kujaza nafasi ya mikono ile.

Na kuchuma tumba kabla halijafunguka kulikuwa na maarifa ndani yake. Asumini ina sifa ambayo maua mengi hayana: ukilichuma tumba alasiri, litaendelea na safari yake, litafunguka usiku kama vile lingali mtini, na harufu yake itatoka wakati huo huo. Ndiyo sababu kikuba kilichofungwa jioni hunukia zaidi saa nne za usiku kuliko saa kilipofungwa. Wachina wa Fuzhou wameijengea sifa hiyo biashara kubwa ya chai. Matumba huchumwa mchana, usiku huchanganywa na majani ya chai, nayo hufunguka humo na chai ikainywa harufu. Kesho yake maua huchekechwa, yakaletwa mapya, na kazi hurudiwa usiku kadhaa. Mwaka 2014 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutambua ukulima huo wa chai na asumini wa Fuzhou kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Kanuni yake ni ile ile ya kikuba.

Mwasumini ni wa ukoo mmoja na mzeituni. Asili yake ni upande wa mashariki wa milima ya Himalaya, India na Bhutan. Mtaalamu wa mimea Linnaeus aliuandika mwaka 1753 kwa jina la Nyctanthes sambac, yaani ua la usiku, na mwaka 1789 mtaalamu mwingine, William Aiton, akauhamishia kwa jamaa zake, ukawa Jasminum sambac. Ulitangazwa ua la taifa la Ufilipino mwaka 1934. Sisi jina letu limetoka Uajemi kwa njia ya Kiarabu. Lakini linalonigusa zaidi katika historia yake ni hili: mwasumini ni nadra mno kutoa mbegu. Huchanua maelfu ya maua na tunda halionekani. Basi kila mwasumini ulioko Lamu, Mombasa, Pangani, Unguja au Kilwa ni kijiti kilichokatwa kwenye mwasumini mwingine, nao kwenye mwingine, kurudi nyuma mpaka ng'ambo ya bahari. Haukuletwa na ndege wala upepo. Kuna mtu alikata, akafunga kwenye kitambaa kibichi, akavuka nao. Anayeniambia kwamba kuukata mwasumini ni kuuonea, humwambia kwamba bila kukatwa usingefika kwake.

Namna ya kuotesha ni nyepesi. Chagua tawi lisilo changa sana wala lisilo gumu kama kuni, likate vipande vya urefu wa kiganja na vidole, kiasi cha sentimita 15. Majani ya chini yaondoe, mawili ya juu yabaki nusu nusu. Chomeka kwenye mchanga msafi uliochanganywa na mboji kidogo, funika kwa chupa ya plastiki iliyokatwa kitako, weka kivulini. Masika ndiyo wakati mzuri. Baada ya wiki nne hadi sita, vuta taratibu. Kikikushikilia, kimeshatoa mizizi. Asiyetaka kazi ya vijiti na alaze tawi refu ardhini, alifukie katikati, aweke jiwe juu, alisahau miezi mitatu.

Sasa kivuli. Mwasumini unaishi kivulini lakini hauchanui humo. Unahitaji jua la saa sita kwa siku, lisilochujwa na majani ya mti mwingine. Nyumba zetu za kale zilijengwa kwa kubana jua lisiingie, na hilo ni jema kwa watu. Kwa mwasumini uliopandwa chini ya kuta mbili za ghorofa ni hukumu. Mwenye ua mwembamba apande kwenye chungu kikubwa akiweke darini au kwenye baraza inayotazama magharibi. Chungu kiwe na matundu chini, na kisikae kwenye sahani yenye maji.

Kuhusu maji, kosa la kawaida ni kutoa kidogo kila siku. Udongo wa juu unalowa, wa chini unabaki mkavu, mizizi inapanda juu na kuungua. Mwagilia kwa wingi mpaka maji yatoke chini ya chungu, kisha ngoja. Chomeka kidole, ukihisi ukavu mpaka kiungo cha pili, mwagilia tena. Na ujue maji yako yanatoka wapi. Visima vingi vya mwambao vina chumvi, na chumvi hiyo hubaki kwenye udongo maji yakishakauka. Ukiona ukungu mweupe kwenye mdomo wa chungu na ncha za majani zimekauka rangi ya kahawia, ni hiyo. Kinga maji ya mvua kwenye pipa, na walau mara moja kwa mwezi usafishe udongo kwa kumimina maji hayo mengi yapite.

Sehemu inayonisumbua kuliko zote ni udongo, kwa sababu ushauri unaotolewa mitaani unaumiza. Sehemu kubwa ya mwambao wetu imekaa juu ya mwamba wa matumbawe. Udongo wake una chokaa, na kipimo chake cha pH huvuka 7.5. Mwasumini unataka kati ya 6 na 7. Kwenye udongo wa chokaa madini ya chuma yamo, ila yamejifunga, mizizi haiwezi kuyachukua. Dalili yake haifichiki ukiijua: majani machanga, yale ya nchani, hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki ya kijani, kama ramani ya mito iliyochorwa kwenye karatasi ya njano. Majani ya chini hubaki sawa. Ukiona manjano imeanzia chini, kwenye majani makuukuu, hiyo ni njaa ya naitrojeni, na ni jambo jingine kabisa.

Watu wakiona manjano hiyo ya juu huambiwa watie majivu ya jikoni. Majivu yanaongeza uchokaa. Wengine hutia maganda ya mayai, ambayo ni chokaa tupu. Nimeona mti uliokuwa na manjano kidogo ukawa mweupe kama karatasi kwa debe la majivu, na mwenyewe alikuwa na nia njema kabisa. Majivu ni mazuri kwenye udongo mchachu wa milimani Usambara. Kwenye matumbawe yabaki jikoni. Dawa ya haraka ni salfeti ya chuma, gramu 5 kwa lita ya maji, ipuliziwe kwenye majani jioni, irudiwe kila mwezi mpaka kijani kirejee. Dawa ya kudumu ni kubadilisha makao yenyewe: chimba shimo la sentimita 45 kila upande, toa kifusi cha matumbawe na mabaki ya saruji, jaza udongo mwekundu uliochanganywa na mboji iliyoiva, na tandaza majani makavu juu. Ukiwa unapanda karibu na ukuta wa chokaa, jitenge nao mita moja.

Samadi, nayo, ina kiasi chake. Ile ya mbuzi au kuku na mbolea ya kukuzia zina naitrojeni nyingi, na naitrojeni ni chakula cha majani. Mti unaoshibishwa hivyo kila mwezi hauna sababu ya kusimama na kuchanua. Mimi hutia mboji mara moja baada ya mkato wa Agosti, kisha mbolea ya NPK yenye uwiano sawa, kiganja kimoja kuzunguka shina, machipukizi yanapofika urefu wa kidole. Basi mpaka mkupuo uishe.

Neno kwa anayekwenda kununua mche. Kwenye vitalu vya kando ya barabara huuzwa kichaka kingine chenye maua meupe, majani yanayong'aa, nacho huitwa asumini bila wasiwasi. Kivunje jani. Kikitoka utomvu mweupe kama maziwa, si asumini. Ni jamaa wa oleanda na utomvu wake usiuchezee, hasa kama una watoto. Mwasumini hautoi maziwa. Na ile iitwayo malkia wa usiku, yenye vifereji vya kijani na harufu inayoingia mpaka chumbani, ni ya ukoo wa mnavu na haihusiani kabisa. Kati ya miasumini ya kweli, kuna wenye ua la safu moja, unaochanua upesi na kwa wingi, na kuna wenye ua lililojaa kama kiwaridi kidogo. Huo wa pili ni mzuri mno kifuani na mvivu mno mtini. Anayeanza na aanze na wa safu moja.

Wadudu sitawakalia sana. Vidung'ata na wadudu magamba huja na sisimizi na masizi meusi. Sabuni ya maji kijiko kimoja kwa lita na kitambaa laini huwamaliza wakiwahiwa. Matumba yakiwa na tundu dogo ubavuni na kuanguka kabla hayajafunguka, kuna kiwavi ndani: yaokote yote, yachome, puliza mafuta ya mwarobaini jioni. Mwasumini uliokatwa vizuri, wenye hewa katikati, huwa na kazi kama hizi chache.

Walioko Nairobi, Njombe au Limuru huniandikia kwamba wao hawapati kitu Julai. Hawatapata. Baridi ikikaribia nyuzi 10, mwasumini hulala. Wauweke chunguni, kwenye ukuta unaopigwa na jua la mchana, au wapande yasmini ile ya kutambaa yenye matumba ya waridi, ambayo asili yake ni China na hupenda ubaridi.

Nirudi uani kwa mama. Siku ile hakutaka kutazama. Aliingia ndani akafunga mlango, nikakata peke yangu. Tulimwomba mwenye mwembe atuondolee matawi mawili yaliyokuwa yakizuia jua la asubuhi, akakubali. Samadi nikamwambia apumzike nayo, na maji mara mbili kwa wiki. Kwa siku kumi kisiki kilikaa kimya na kila nilipopita alinitazama bila kusema neno. Siku ya kumi na mbili akaniita kunionyesha vijicho, vyekundu kidogo, viwili viwili kila kwapa. Wiki ya saba akamtuma mjukuu wake saa ya magharibi na asumini tatu kwenye kisahani, la katikati tayari limefunguka.

Vile vijiti nilivyokata tulichomeka kumi na viwili. Tisa vilishika, na vimekwishagawiwa mtaani na Pangani kwa binti yake.

Agosti hii sikuitwa. Nilikuwa napita njia nikasikia mkasi, nikabisha hodi, nikamkuta ameinama, kanga ameifunga kiunoni, matawi yako chini mguuni pake. Hakugeuka. Alilishika tawi moja kati ya vidole viwili akaniuliza, "Hapa nikate, au nishuke kidogo?"